Maji Yasiyopita Juu ya Bati

Ninyi mnaotafuna kahawa hapo mlangoni, ingieni ndani au tokeni nje kabisa, maana hadithi yangu haipendi watu wa nusunusu. Na wewe uliyeshika kibuyu, kiweke chini kwanza. Nikianza kusema, mtu mwenye kitu mkononi hukimwaga kwa kucheka, halafu mke wake ananilaumu mimi. Mmekaa? Haya. Leo nawaambia habari ya bibi mmoja aliyekaribia kuukosa ubatizo wake kwa sababu ya bati. Siyo kwa sababu ya dhambi. Bati, hili la kuezekea.

Mimi shule niliiona kwa nje. Baba alinipeleka misheni Kashozi nikiwa mdogo, mwalimu akaniangalia, nami nikamwangalia, tukaelewana kwamba hatutafaana. Lakini katekisimu niliikamata kwa masikio. Nilikuwa nakaa chini ya dirisha, nje, wenzangu ndani wanaimba maswali na majibu, mpaka yakaniingia kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Hata leo ukiniuliza swali nikiwa usingizini nitakujibu, na nitakukosoa ulivyouliza. Kwa hiyo nilipokuwa mtu mzima, nakaa zangu Hamugembe na vimigomba vyangu vichache, mapadri wakaniita wakanifanya mwalimu wa dini. Padri mmoja akasema heri huyu asiyejua kusoma, maana kitabu chake kiko kichwani na panya hawawezi kukila.

Sasa, Uhuru ulikuwa umeshakuja, na baada ya Uhuru ukaja ujamaa. Serikali ikasema watu wasio na ardhi wapelekwe mahali papya, wakae pamoja, walime pamoja. Kule Kamachumu vibanja vya migomba vilikuwa vimebanana mpaka mgomba wa mtu ukianguka unalalia kitanda cha jirani. Basi watu wakachukuliwa wakapelekwa chini huko, nyuma ya Muleba, upande wa Burigi, kwenye rweya. Rweya mnaijua: nyasi, nyasi, halafu nyasi. Hakuna mgomba hata wa kujifutia jasho. Mapadri wakaniambia, mwalimu, wenzako wameenda huko bila dini, nenda ukakae nao.

Nilitembea siku mbili. Siku ya tatu miguu ilifika kabla yangu, mimi nikafuata. Mbung'o wa kule, jamani! Mmoja akikutulia mgongoni unadhani umebebeshwa mzigo. Nilimwona ng'ombe mmoja akikimbia, nikauliza anakimbia nini, wakaniambia hakimbii, anabebwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba za nyasi zimepangwa kwa mstari kama askari, na katikati ghala moja lenye bati. Bati lile ndilo lilikuwa fahari ya kijiji. Siku za kazi ghala linawekwa mahindi na majembe ya ujamaa, Jumapili mwenyekiti ananipa ufunguo, linakuwa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mluteri wa Kamachumu, mtu mnene, mcheshi, sauti kama ngoma. Kila Jumapili akinipa ufunguo ananiambia, "Mwalimu, usiniombee mahindi yangu yawe Katoliki." Nami namjibu, "Yameshabatizwa, Mwenyekiti, ndiyo maana panya wanayaheshimu." Tukaishi hivyo.

Na palikuwa na bibi huyo. Mdogo wa mwili, ukimwona kwa mbali unadhani ni jembe limesahauliwa shambani. Mdomo wake sasa! Mdomo ulikuwa wa watu wanne. Alikuja kule na mume wake mzee, na mzee hakukaa sana, rweya ikamshinda. Alipokuwa anakata roho, nilimbatiza mimi mwenyewe kwa maji ya kwenye kata, kama kanisa linavyoruhusu mtu akiwa mahututi. Akatabasamu, akaenda. Tukamzika.

Siku ya nne baada ya matanga, bibi akanijia na kigoda chake, akakaa mbele yangu, akaniuliza, "Mwalimu, yule mzee umempeleka wapi?"

Nikamwambia, "Mbinguni, Ma."

"Na mimi nikifa hivi nilivyo?"

Nikaanza kuzungukazunguka, mnajua, maneno ya rehema ya Mungu, ya siri za Mungu. Akanikata. "Niambie, tutakutana au hatutakutana?"

Nikasema, "Ukibatizwa, mtakutana."

"Basi nibatize. Yule mtu tumekaa naye tangu nikiwa binti, hajawahi kumenya ndizi hata moja. Akimenya anajikata vidole. Sasa hivi huko aliko anakula nini?"

Msicheke. Sikucheka mimi, maana machozi yalikuwa yanamtoka huku anasema. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake yote: mzee wake yuko peke yake mahali asipomjua mtu, na mlango wa kuingilia huko ni ubatizo.

Lakini mtu mzima mwenye afya mimi siwezi kumbatiza, ni lazima padri. Na padri alikuwa anakuja kule mara moja kwa miezi mingi, kwa pikipiki, njia ikiruhusu. Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu. Kihaya anakijua, ila anakisema kama mtu aliyetia ndizi ya moto mdomoni. Mtu mzuri. Ila kwenye mambo ya ubatizo alikuwa na macho ya kozi. Aliwahi kumkuta mzee mmoja wa kijijini kwetu ana hirizi kiunoni siku yenyewe ya ubatizo. Akafunga kitabu. Akamwambia, "Rudi kwenye mafundisho, tutaonana mwaka ujao." Mwaka ujao mzee yule hakuufikia. Jambo hilo lilinikaa hapa kifuani.

Bibi alifundishwa na mimi. Jamani, nilifundishwa mimi na yeye! Mara ya kwanza padri alipokuja kumpima akamuuliza, "Mungu wako wangapi?" Bibi akamjibu, "Wa kwenu au wa kwetu?" Akaambiwa asubiri. Mara ya pili padri hakufika, pikipiki ilizama kwenye tope mpaka ikabaki usukani tu, kama mbuzi anayeogelea. Na katikati hapo bibi akaanza kukohoa. Kikohozi cha kwanza hakijaisha, cha pili kinaanza. Anakonda, naye alikuwa hana cha kukonda. Akiniona tu ananiuliza, "Padri anakuja lini?" Asubuhi swali hilo, mchana swali hilo. Nikawa nikimwona anatokea huku, mimi natokea kule.

Ndipo ikaja habari: padri anakuja Jumapili, baada ya Pasaka, masika yamepamba moto. Nikafurahi. Nikasafisha ghala, nikafagia mende, nikaenda kumchukua bibi nimwonyeshe kila kitu kilivyo tayari. Chini ya paa la ghala tulikuwa na pipa linalokinga maji ya mvua. Lilikuwa limejaa, maji yanametameta, unajiona mpaka kwenye matundu ya pua. Na padri alikuwa ameniagiza: maji yawe safi, maana safari moja kijiji kingine walimletea maji ya tope, akasema, "Nimekuja kubatiza, sikuja kukandika nyumba."

Nikamwambia bibi, "Umeona, Ma? Maji yako ya ubatizo haya."

Akachungulia. Akauliza, "Yametoka wapi?"

"Mbinguni," nikasema kwa majivuno.

"Yamepitia wapi?"

"Kwenye bati."

Bibi akarudi nyuma hatua tatu kama aliyeona nyoka ndani ya pipa. "Basi siyo ya mbinguni tena. Mwalimu, hayo ni muziro wangu."

Enyi mliozaliwa juzi, muziro mnausikia tu. Kila ukoo wetu una kitu chake usichokigusa. Wa kwetu sisi ni kamongo, yule samaki wa tope, hatumli. Wengine mnyama fulani, wengine sehemu fulani ya nyama. Na ukivunja unatoka mabakamabaka mwili mzima, meno yanalegea, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Basi ukoo wa yule bibi muziro wao ulikuwa maji yanayodondoka kutoka kwenye paa. Paa la nyasi, paa la bati, mamoja. Hawayanywi, hawayaogi, na yakianza kudondoka wao hawapiti chini yake. Sasa nikaelewa kwa nini mvua ikimkuta nje yule bibi hakimbilii nyumba ya mtu. Anasimama palepale kwenye nyasi ananyeshewa, anasubiri iishe, kama mbuzi mwenye mawazo. Mimi nilidhani ni uzee.

Nikamsihi, "Ma, bojo, kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Mliniuliza Mungu wako wangapi. Hamkuniuliza maji."

Tangu hapo sikukaa. Nawaambieni, kwa siku zile makalio yangu hayakugusa kigoda. Ikiwa padri atasikia neno muziro, atafunga kitabu kama alivyomfungia yule mwenye hirizi. Na bibi anakohoa. Akiahirishwa, nani atamfikisha mara nyingine? Upande mwingine, bibi ameshaapa: maji ya bati yakimgusa, hatasubiri mbingu, ataondoka na mabaka yake arudi Kamachumu kwa miguu. Mimi katikati. Na mimi mwenyewe nina haki gani ya kumwambia aache muziro? Nimebatizwa nikiwa kitoto cha wiki moja, lakini siku walipopika kamongo misheni niliwaambia tumbo linaniuma, nikajikunja mpaka sista akataka kunipa dawa ya minyoo. Nikainywa! Heri dawa ya minyoo kuliko kamongo.

Nikaamua: nitaleta maji ya mwiga, ya kijito kile cha bondeni. Ni mbali, unashuka mpaka masikio yanaziba. Nikachukua mtungi, Alhamisi mapema, nikashuka. Mwiga wenyewe ulikuwa umefura, maji rangi ya chai ya maziwa. Nikayachuja kwa shati langu la Jumapili, nikajaza, nikapanda. Nafika kwenye nyumba za kwanza za kijiji, mvua hiyo! Mvua ya rweya haidondoki, inarushwa. Nikakimbilia barazani kwa mtu, nikasimama nimekumbatia mtungi wangu, napumua. Nakuja kuangalia hivi: paa linadondokea wapi? To, to, to, ndani ya mtungi!

Mwenye nyumba akanikuta nasema na mtungi maneno ambayo mwalimu wa dini hasemi. Nikamwaga yote. Nikashuka tena bondeni siku ileile. Safari hii nikavua koti nikafunika mdomo wa mtungi, mimi nikanyeshewa. Mwenyekiti akaniona napita kifua wazi, nimekumbatia mtungi uliovaa koti. Akapiga kelele, "Mwalimu, huyo ndiye mke uliyemleta?" Nikamjibu, "Ndiye, na kwa uzito anakukaribia." Nikapita.

Nikauweka mtungi ndani kwangu utulie. Ijumaa nauchungulia, tope linashuka. Jumamosi nauchungulia. Watu wanalima shamba la ujamaa, mimi naacha jembe naenda kuchungulia maji. Mwenyekiti ananiuliza kama nimefuga samaki. Jumapili asubuhi yalikuwa safi kama machozi. Nikasema, asante Mungu. Mbingu nazo ziko wazi, jua linawaka. Nikaenda kumleta bibi, maana kwa kikohozi kile alikuwa anatembea hatua kumi anapumzika.

Tunarudi naye polepole, nasikia pikipiki imeshafika. Nikamwacha bibi amekaa kwenye gogo mbele ya ghala, nikakimbia nyumbani kwangu. Namkuta padri amekaa kwenye kigoda changu, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myeupe inang'aa, tope lote limetoka. Ndevu zimeoshwa. Hata buti limeoshwa. Mtungi uko pembeni, umelala chali.

Mwenyekiti amesimama hapo na taulo, anatabasamu kama mtu aliyefanya jambo jema. "Mwalimu, padri wako alifika kama nguruwe pori. Nikamwambia usihangaike, mwalimu amekutunzia maji mazuri siku tatu!"

Nilikaa chini. Ndiyo mara ya kwanza kukaa tangu Jumatano.

Padri akasema, "Maji matamu sana, mwalimu. Nimekunywa pia."

Nifanye nini sasa? Kurudi mwiga ni nusu siku, na padri ameshasema anataka kuondoka mapema kabla bonde halijajaa. Nikasimama. Nikachukua mtungi. Shetani akanishika mkono, wala hakunivuta, mimi ndiye nilimvuta yeye. Nikaenda nyuma ya ghala kwenye pipa, nikachota maji ya bati, nikajaza mtungi uleule wa mwiga. Nikajiambia, bibi nilishamwambia maji ni ya mwiga, na mtungi huu anaujua, hatauliza. Maji hayana uso.

Nikaja nao mbele ya ghala, na bakuli la kubatizia kwapani. Watu wamejaa. Padri amevaa vazi lake jeupe na stola, ameshika kitabu, anasimama kwenye kizingiti cha mlango. Mwenyekiti naye amekuja kuangalia, ananyoosha shingo. Bibi anainuka kwenye gogo, amevaa kitenge cheupe cha kuazima, kimemzidi, amekaa ndani yake kama kunde kwenye ganda. Ananiangalia. Hatazami mtungi, ananitazama mimi.

"Mwalimu, ni ya mwiga?"

Jamani, mimi kuongeza chumvi naweza. Mbung'o namfanya tembo, siyo kazi. Lakini uongo ule ulikataa kutoka. Yule bibi alikuwa amenikabidhi njia ya kwenda kwa mume wake, na mimi nataka kumpitisha mlango wa wizi. Nikamwaga mtungi chini, pwaa, mbele ya watu wote. Maji yakarukia viatu vya padri alivyotoka kuosha.

"Siyo ya mwiga, Ma. Ni ya bati. Ya mwiga padri ameogea."

Padri akauliza, "Bati lina nini?" Nikamweleza. Kila neno nikilitoa naona ndevu zake zinazidi kuwa nyekundu. Nilipofika kwenye neno muziro, akafunga kitabu. Nilisikia kile kitabu kilivyojifunga, na moyo wangu ndani yake.

"Bibi," padri akasema, "unamkataa shetani?"

"Namkataa, hata jina lake."

"Na muziro?"

"Muziro siyo shetani, Padri. Muziro ni adabu. Wewe mama yako alikukataza nini?"

Padri akaonyesha kwa kidole maji yaliyomwagika. Akasema, "Maji yote ameyaumba Mungu. Maji ni maji. Ya mto, ya bati, ni yaleyale."

"Kama ni yaleyale," bibi akasema, "mbona ya tope huyataki?"

Mwenyekiti akakohoa, nikaona anazuia kicheko kwa ngumi. Padri akageuka aingie ndani. Akasema kwa upole, "Bibi, nakupenda, lakini bado. Tuendelee na mafundisho. Nitarudi mvua za vuli."

Mvua za vuli! Bibi akaanza kukohoa, akashika gogo. Kila mtu pale alijua kikohozi kile hakiendi mpaka vuli.

Na mvua nayo ikaja. Nawaambia jua lilikuwa linawaka. Wingu lilitokea Burigi kama mtu aliyechelewa misa, likatufikia, likafunguka lote mara moja. Watu wote, puu, ndani ya ghala. Watoto, kina mama, mwenyekiti, mimi, tumebanana kwenye majembe na magunia. Mkono wa mtu ulikuwa kwenye mfuko wangu, na sikujua ni wa nani.

Bibi akabaki nje.

"Ingia, Ma!" tukapiga kelele. Aingie vipi? Bati linamwaga maji mlangoni, pazia zima la maji kutoka juu mpaka chini. Sisi ndani, yeye nje, pazia katikati. Amesimama pale ananyeshewa, kitenge kimemgandia, anatetemeka mifupa yote. Padri akaita, "Bibi, utakufa na baridi! Ingia!" Nilimwona, hasira zimekwisha, amebaki na hofu.

Na bibi akasema kutoka kule nje, kwa sauti ile ya watu wanne:

"Padri! Umesema maji ni maji? Haya yanayonipiga kichwani ni ya nani? Hayajapita juu ya bati la mtu. Chukua bakuli lako utoke nje kama mwanaume!"

Mnaniuliza kwa nini mimi sikufikiria hilo tangu Alhamisi, kuweka tu sufuria uwanjani mvua iijaze? Mnaniuliza leo mmekaa, mmeshiba. Siku zile akili yangu ilikuwa imeshuka miguuni, inabeba mtungi.

Padri alisimama mlangoni. Akamtazama bibi. Akatazama kitabu, akatazama anga. Mimi nilikuwa karibu naye, nikasikia anasema kitu kwa lugha ya kwao, kifupi, sijui ni sala au ni nini. Kisha akanyang'anya bakuli mkononi mwangu, akajifunika kichwa kwa mkono, akavuka pazia akatoka. Vazi jeupe likalowa papo hapo likawa ngozi yake ya pili. Nami nikatoka, maana mimi ndiye msimamizi wa vitabu na mafuta. Akainua bakuli juu kwa mikono miwili, mvua ikaanza kulijaza, ti, ti, ti, maji safi, hayajagusa kitu chochote cha binadamu. Bibi anayatazama yanavyopanda, macho hayapepesi.

Na watu ndani wakaacha kelele. Wengine wakaanza kutoka mmojammoja, wakaja kusimama nasi kwenye mvua. Hakuna aliyewaita.

Nisiwaweke roho juu: alibatizwa. Kabla bakuli halijafurika alikuwa Mkristo mwenye jina. Akaishi masika yale na kiangazi kidogo, anakohoa huku anawatukana kuku, halafu akaenda kumenya ndizi. Nilimzika mimi, karibu na mzee wake, na siku ile hapakuwa na tone la mvua.

Lakini kuna jambo moja la siku ile ya bakuli, ambalo padri yule, akiwa ameshazeeka, kila tukikutana Bukoba mjini ananikumbusha, anacheka mpaka anashika ukuta. Ibada ya ubatizo wa mtu mzima inaanza kwa swali. Padri anauliza, "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Na mtu anajibu neno moja tu: "Imani." Bibi alilijua hilo neno vizuri. Sasa, padri ameshatoa kitabu, kurasa zinalowa, wino unaanza kukimbia. Mwenyekiti wetu, Mluteri mwenye huruma, akaona kazi ya Mungu inaharibika. Akatoka mbio na mwavuli wake mkubwa mweusi wa mikutano, akaufungua, akauweka juu yetu wote: juu ya padri, juu ya kitabu, juu ya bakuli, juu ya bibi. Maji yakaanza kuteleza kwenye mwavuli na kudondoka pembeni, tone la kwanza, tone la pili, karibu kabisa na bega la bibi. Padri hakuona. Alikuwa ameinamia kitabu, akauliza kwa sauti kubwa ya ibada:

"Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Na bibi akaruka pembeni, akapaza sauti mpaka waliobaki ghalani wakasikia:

"Huyu Mluteri aondoe paa lake!"